Kumbukumbu ya Marehemu Mama Yetu: Mke, Mama na Bibi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Isiolo)



Ni desturi ya chama chetu kwamba kabla ya Mweka Hazina kusoma hesabu, huwataja wanachama waliofariki katika mwaka unaofungwa, na mkutano husimama kimya kuwaombea. Majina hayo yamekwisha kusomwa, na tumesimama. Lakini Halmashauri imeona vema mmoja wao azungumziwe kwa urefu zaidi. Si kwamba wenziwe walikuwa wadogo. Kila aliyefariki ni mkubwa katika nyumba aliyotoka. Sababu ni kwamba katika ajenda ya leo mtaombwa kukata shauri juu ya ule mfuko tunaouita Mfuko wa Kikombe, kama udumu au uunganishwe na fedha za kujengea vyumba vya kupangisha. Mfuko huo ulianzishwa kwa mkono wa marehemu huyu. Haifai basi kuuamua kabla ya kukumbuka ulizaliwaje, na aliyeuzaa alikuwa mtu wa namna gani.

Jina lake hatutaliandika, kwani ndivyo watoto wake walivyotuomba. Sisi sote tulimwita Akko, neno ambalo kwa Kiborana maana yake ni bibi. Na walimwita hivyo hata wale kati yetu ambao lugha yao ni Kisomali, Kimeru, Kiturkana au Kisamburu. Kwa jina hilo tutamtaja.

Akko alizaliwa upande wa Waso, karibu na Garba Tulla, siku za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Mwaka wenyewe haukuandikwa na karani ye yote. Wazazi wake walihesabu miaka kwa mambo yaliyotukia: mwaka wa ukame huu, mwaka wa maradhi yale ya ng'ombe, naye hata alipopewa kitambulisho chenye tarehe ya kukisiwa, aliendelea kuhesabu vivyo hivyo. Shule hakuiona. Alilofundishwa na mama yake ni kusuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi, kuvifukiza kwa moshi wa kuni nzuri ili maziwa yakae bila kuharibika, na kujenga nyumba. Wazee mliochunga mwajua kwamba katika maisha ya kuhamahama mwanamume ana mifugo, lakini nyumba ni ya mke. Yeye huijenga kwa fito na mikeka, yeye huivunja, na yeye huipakia juu ya ngamia wakati wa kuhama. Na maziwa yakiisha kukamuliwa, mwenye amri juu yake ni mke: ndiye ajuaye ni kiasi gani kwa watoto, ni kiasi gani kwa mgeni, na ni kiasi gani kwa jirani ambaye ng'ombe wake wamekauka.

Aliolewa kabla ya Uhuru. Mumewe hakuwa tajiri wala fukara. Alikuwa na ngamia, ng'ombe na mbuzi wa kutosha nyumba moja na wageni wake. Walianza maisha yao katika miaka ambayo nchi yetu hii ya kaskazini ilikuwa imeanza kutikisika. Tarehe 28 Juni 1963 waliuawa Bwana Daudi Dabasso Wabera, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, pamoja na Chifu Hajj Galma Dido. Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba mwaka huo huo, na kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini. Vita vile vilivyoitwa vya Shifta vikaingia katika malisho na visimani.

Wazee wengi mlio hapa mwaijua miaka iliyofuata kuliko sisi tunaoisimulia. Waborana wa Waso huiita Daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na aliyeonekana nje yake aliweza kuhesabiwa kuwa adui. Sasa ngamia ni mnyama wa kwenda mbali. Hula mti huu kidogo na ule kidogo, na ukimzuia karibu na kijiji hudhoofika na kufa. Ng'ombe nao walimaliza nyasi za karibu, maradhi yakawaingia. Wengine walichukuliwa, wengine wakapigwa risasi. Serikali za Kenya na Somalia zilipopatana huko Arusha mwezi wa Oktoba 1967, kwa usuluhishi wa Rais Kaunda wa Zambia, nyumba nyingi za Waso zilikuwa zimebaki na kamba za kufungia mifugo bila ya mifugo yenyewe.

Akko hakupenda kusimulia habari hizo. Lakini ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotolewa mwaka 2013, mjukuu wake mmoja alimsomea sehemu zilizohusu kaskazini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: kama wameandika ngamia wa kila nyumba. Alipoambiwa kwamba sivyo, alimwagiza mjukuu alete daftari na kalamu. Akamtajia ngamia wa mumewe mmoja mmoja, jina lake, rangi yake, mama yake na mahali alipofia. Kazi hiyo ilichukua jioni tatu. Daftari hilo lipo, na kwa idhini ya watoto wake limeletwa hapa leo. Atakaye kuliona na alitazame baada ya mkutano.

Baada ya Daaba, yeye na mumewe walikuja mjini Isiolo, wakajenga Bulapesa. Hapa twataka kusema habari za Akko kama mke, na twaomba wazee watuwie radhi, kwani ni jambo la ndani ya nyumba. Lakini mumewe mwenyewe, Mungu amrehemu, ndiye aliyelitoa nje kabla ya kufa kwake. Mchungaji aliyepoteza mifugo hapotezi chakula tu. Hupoteza kauli barazani, kwa kuwa hana cha kuchinja wala cha kukopesha. Mumewe alikuwa hivyo. Alikaa miezi mingi ameinamisha kichwa. Akko alianza kuuza kuni, baadaye maziwa. Na tangu senti zake za kwanza, kila alfajiri kabla mumewe hajaamka, aliweka fedha kidogo katika mfuko wa koti lake. Hakusema neno, naye mumewe hakuuliza. Mchana mzee aliketi pamoja na wenziwe, akaagiza chai kwa watu wanne au watano, akalipa kutoka mfukoni mwake kama mwanamume ye yote. Hivyo ndivyo alivyorudi kuwa mzee miongoni mwa wazee, na baadhi yenu mliinywa chai hiyo. Ilikwenda hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Alipokuwa mgonjwa wa kufa, aliwaita marafiki zake akawaambia: "Chai mliyokunywa kwangu ilikuwa ya mke wangu." Twaliandika jambo hili ili vijana wetu waoao leo wajue kwamba heshima ya mume yaweza kulindwa na mke bila ya kupiga mbiu.

Kuhusu biashara yake ya maziwa, wengi hapa waijua, kwani wake zenu na mama zenu walifundishwa naye. Alianza na kibuyu kimoja. Aliondoka gizani kwenda kuyapokea maziwa yaliyoletwa kutoka pande za Kulamawe, akayaonja, akayanusa, akayamwaga tone moja juu ya ukucha kuona kama yanateleza upesi. Maziwa yaliyotiwa maji aliyarudisha palipo na watu wote, na hapo ulimi wake ulikuwa mkali. Hatutaficha kwamba wako waliomwogopa. Maneno yake yalikuwa haya: "Mtungi wa maji hujaa leo, kesho hauna mnunuzi." Baadaye, maziwa ya ngamia ya Isiolo yalipoanza kupata soko kubwa Eastleigh, Nairobi, alikuwa miongoni mwa akina mama waliojipanga kuyapeleka kwa mabasi ya asubuhi, safari ya kilomita zisizopungua 270. Hakuwahi kuyafuata. Alisema kwamba uaminifu ukiwa mwema mtungi hufika peke yake, na fedha hurudi.

Sasa tufike kwenye kikombe. Waborana wana desturi ya kale iitwayo busa gonofa: mtu akipoteza mifugo kwa ukame, maradhi au vita, ukoo hukutana na kila mwenye uwezo hutoa mnyama, ili nyumba ile isimame tena. Lakini desturi hiyo yahitaji awepo mwenye kutoa. Baada ya Daaba waliokuwa nacho walikuwa wachache mno, na mjini hapa watu wa koo na makabila mbalimbali walichanganyika mtaa mmoja, kila mmoja na shida yake. Akko aliwaambia wauza maziwa wenziwe: ng'ombe hatuna, lakini kikombe tunacho. Kila mmoja, kabla ya kuuza, amimine kikombe kimoja katika mtungi wa pembeni. Maziwa ya mtungi huo yaliuzwa, na fedha yake haikuwa ya mtu ye yote miongoni mwao. Ilikuwa ya nyumba itakayofikwa na msiba: sanda, nauli ya ndugu walio mbali, unga wa siku za matanga, karo ya mtoto aliyeachwa. Chama chetu kilipoandikishwa, akina mama wale walikuja na mtungi wao, wakaingia nao. Kwa hiyo tusemapo kwamba chama kilimsaidia fulani katika mazishi, tujue kwamba mara nyingi aliyesaidia ni yule mama aliyepunguza faida yake kwa kikombe kimoja asubuhi ya siku ile.

Wala hakuuliza anayesaidiwa ni wa kabila gani. Miaka ya 2011 na 2012, majirani wa wilaya yetu walipopigana, damu ikamwagika, shule zikafungwa na watu wakahama nyumba zao, kulikuwa na akina mama wa Kiturkana waliomletea makaa kwa miaka mingi, naye aliwauzia maziwa. Siku zile walikatazana kupita mitaa ya wenziwao. Akko alichukua mtungi wake, akaketi mahali pale pale alipoketi siku zote, akangoja. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili hakuja mtu, na maziwa yakachacha. Siku ya tatu alikuja mama mmoja na gunia lake la makaa, wakauziana kwa bei ya siku zote. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyeleta amani Isiolo. Amani ililetwa na wengi, na wengine walilipa kwa maisha yao. Twasema tu kwamba alikuwepo mahali pake.

Kama mama, Akko alizaa watoto saba, akawazika wawili wakiwa wadogo. Watano aliwapeleka shule wote, wa kike na wa kiume, nyakati ambazo kumpeleka binti shuleni kulichekwa. Alipoulizwa binti atasoma ili afanye nini, alijibu kwamba hata ahesabu mitungi tu inatosha, kwani yeye mwenyewe aliibiwa mara nyingi kwa kutojua kuhesabu.

Kisha mmoja wa mabinti hao alifariki, akaacha watoto wanne, na Akko akiwa na umri wa watu kupumzika akaanza ulezi upya. Ndugu zetu, jambo hili latupasa kulitazama vema. Katika nyumba ngapi za mtaa wetu mwenye kuamsha watoto wa shule ni bibi? Mama amekwenda kutafuta kazi Nairobi au ng'ambo, au amefariki. Baba yuko na mifugo, au hayuko. Na uji wa asubuhi wapikwa na mikono iliyokunjamana. Ukame ule wa mvua zilizokosa kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hata 2022, ulipomaliza mbuzi wake wa mwisho na kupunguza maziwa ya kuuza, mjukuu wake wa kiume alitaka kuacha shule akatafute kibarua. Akko alimwambia: "Mimi nilisimamishwa mara moja, na niliyekuwa nao walikuwa ngamia. Wewe hutasimamishwa." Aliuza bangili zake za fedha, alizopewa siku ya harusi, akalipa karo. Kijana huyo alimaliza masomo yake, na leo yumo katika mkutano huu.

Jambo jingine alilolishika ni haki ya wajane. Mumewe alipofariki, palikuwa na kiwanja cha nyumba, na baadhi ya jamaa waliona kwamba mwanamke mzee hana haja ya fungu. Akko hakugombana. Alikwenda kwa Kadhi, akauliza, akarudi na jibu: mke ambaye mumewe ameacha watoto ana thumni, yaani fungu moja katika manane, mama wa marehemu ana sudusi, yaani moja katika sita, na bibi naye, ikiwa mama hayupo, yamfikia sudusi hiyo. Mke, mama na bibi: kila mmoja ametajwa na kuwekewa lake. Alipewa thumni yake, na tangu siku hiyo kila kijana wa kike aliyefiwa na mume mtaani kwetu alimkuta Akko mlangoni, amekwisha kujifunga mtandio wake, tayari kumsindikiza kwa wazee na, ikibidi, kwa Kadhi. Wako waliomlaumu kuwa aingilia mambo ya ukoo. Alisema yeye haingilii, anasindikiza tu.

Alifariki usiku, baada ya kuugua siku chache, akiwa amezungukwa na watu wake. Aliyekuwa na deni lake alitajwa, na alilodaiwa yeye lilitajwa. Vyote vilikuwa katika daftari la mjukuu. Akina mama walimwosha, akasaliwa, akazikwa siku ile ile kabla ya alasiri. Miongoni mwa waliokuja kuwafariji watoto wake walikuwamo wale wauza makaa, wakachangia gunia moja kwa kupikia chakula cha waombolezaji. Gharama ya sanda na ya chakula ilitoka katika Mfuko wa Kikombe, kama ilivyotoka kwa wengine wote, wala haikuzidi hata shilingi moja.

Bwana Mwenyekiti, baada ya kuyasema haya, Halmashauri yapenda kuleta mbele ya mkutano mambo matatu.

La kwanza ni mfuko wenyewe. Wanaotaka uunganishwe na fedha za ujenzi hawana nia mbaya. Vyumba vya kupangisha huleta kodi, na kodi ni jambo jema. Lakini msiba haungoji mwisho wa mwezi. Twaomba Mfuko wa Kikombe ubaki peke yake, na vyumba vijengwe kwa ada na michango mingine.

La pili ni wajukuu wanne alioacha. Wawili bado wako shule. Wajomba zao wamekubali kuwalea, na twawashukuru. Lakini maisha ni magumu kwao pia. Twaomba mkutano uidhinishe karo yao mpaka wamalize kidato cha nne, na kwamba kanuni hiyo hiyo iwe kwa kila nyumba ambayo mlezi wake aliyefariki ni bibi. Kanuni zetu zataja yatima wa baba na yatima wa mama. Twaomba ziongezewe neno moja: na aliyefiwa na bibi mlezi.

La tatu ni dogo kwa gharama. Wako mabibi wengine katika mitaa yetu, Bulapesa, Kulamawe, Kambi ya Juu, Tullu Roba na kwingineko, waliopitia Daaba na ukame mwingi, na wengi wao hawakuandikwa popote. Vijana wetu wasomi wana madaftari na simu za kurekodi. Na waende kwao wakati wangalipo, waandike walichokuwa nacho, walichopoteza na walichojenga baada ya hapo, kwa lugha yo yote bibi apendayo kusema.

Kwa watoto wa marehemu, wakwe zake na wajukuu: chama hiki kinawapa pole. Mama yenu alikuwa mwanachama wetu, na ada yake aliilipa mpaka mwezi aliofariki. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, ampanulie kaburi lake, na awape ninyi subira. Amin.

Sasa twamrudishia Bwana Mwenyekiti kikao, ili mkutano upige kura.